Lady Marmalade: Matoleo Matatu, Nachagua Moja

Karibuni tena watazamaji wangu. Leo ni wimbo mmoja tu, Lady Marmalade, ila umeimbwa na kina dada wa vizazi vitatu, na nitawaambia wazi ninaoshikilia ni wa nani.

Watunzi ni Bob Crewe na Kenny Nolan. Kundi la Labelle, yaani Patti LaBelle, Nona Hendryx na Sarah Dash, liliurekodi 1974 chini ya mtayarishaji Allen Toussaint, mtoto wa New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana, Marekani. Mwaka 1975 ukashika namba moja Marekani. Vaeni hedifoni, jamani, msikilize besi na kinanda chini ya sauti zao. Vinatembea kwa madaha kama huyo mwanamke anayeimbwa. Ni kahaba wa Kikrioli wa New Orleans, yaani wa jamii ya wazawa wa Louisiana, wengi wenye asili ya Kifaransa na Kiafrika. Mteja wake amesharudi kwenye kazi yake ya ofisini, lakini usiku ukiingia bado anamkumbuka. Patti akifika ubeti huo sauti inapanda mpaka inakwaruza, nami kila mara naacha ninachofanya.

Na kile Kifaransa cha kiitikio si pambo. Louisiana ilikuwa koloni la Ufaransa, na lugha hiyo ilibaki midomoni mwa Wakrioli vizazi na vizazi. Kwa hiyo mwanamke anaongea kama watu wa kwao.

All Saints wa Uingereza waliurudia 1998 na wakafika namba moja kwao. Sauti za chini, zimeshikana vizuri, mdundo laini. Garini usiku unafaa sana. Joto tu ndilo silipati.

Halafu 2001, Christina Aguilera, Pink, Mýa na Lil' Kim. Hawa hawakuwa kundi, waliunganishwa kwa ajili ya filamu ya Moulin Rouge!, na Missy Elliott akiwa mmoja wa watayarishaji. Wiki 5 namba moja Marekani! Christina anapoingia, spika zinatetemeka, na hilo nampa. Lakini jina la New Orleans wamelitoa, wakaweka Moulin Rouge, ule ukumbi wa burudani wa Paris. Hadithi imehamia Paris, ambako kila mtu anaongea Kifaransa, na mwanamke wetu amepotea kwenye umati. Hapo ndipo tunapoachana.

Kama bando lako linatosha wimbo mmoja, pakua wa Labelle. Ukifika ubeti wa mwisho, ongeza sauti.