Kompyuta ya kuzamia: kwenye geji, kwa mkanda au kwa kamba ya mpira? Tathmini kutoka Matema

Kwa misimu mitatu nimezamia Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, nikiwa na kompyuta moja ileile ya kuzamia, kifaa kidogo kinachomwonyesha mzamiaji kina na muda wake chini ya maji, niliyoifunga kwa namna tatu: kwanza ndani ya kasha la geji, kipimo cha hewa iliyobaki mtungini, linaloning'inia mwishoni mwa mrija wa shinikizo kubwa, kisha mkononi kwa mkanda wake wa kiwandani, na sasa mkononi kwa kamba mbili za mpira. Wapo wazamiaji wanaohangaika kwa miezi kuchagua kompyuta yenyewe, halafu wakaliacha suala la kuifunga liamuliwe na muuzaji. Mimi nilifanya hivyo, na naandika ili mwingine asirudie.

Kasha la geji lina sifa ambazo sitazificha. Hewa iliyobaki, kina na muda vyote viko mahali pamoja. Ukishafunga regulata, kifaa cha kupumulia, kwenye mtungi, kila kitu kipo tayari, na hakuna mkanda wa kukatika wala kifaa cha kusahau nyumbani. Ndiyo maana kompyuta nyingi za kuanzia, zikiwemo Cressi Leonardo na Suunto Zoop Novo, huuzwa kwa namna zote mbili, za mkononi na za kasha. Lakini miamba iliyo chini ya Milima ya Livingstone, unapoelekea Ikombe, ina mianya mingi, na vilevile nyavu za wavuvi. Kasha linaloning'inia chini ya tumbo hugonga jiwe, hutibua mchanga na kuwatimua samaki ulioshuka kuwatazama. Zaidi ya hayo, ili usome chochote ni lazima ulishike kwa mkono mmoja, jambo ambalo huwezekana ukiwa umetulia na husumbua sana unapopanda huku ukiachia hewa kutoka kwenye jaketi la kuelea.

Kasoro kubwa zaidi niliigundua nchi kavu. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na seti moja ya regulata, tukipokezana: yeye anazamia asubuhi, mimi mchana. Geji haijali ni nani anayevuta hewa, kwa kuwa kazi yake ni kupima mtungi. Kompyuta hufanya kazi tofauti kabisa. Hukadiria naitrojeni, gesi iliyomo katika hewa tunayovuta, iliyoingia katika mwili wa mtu fulani tangu alipozama, na kumbukumbu hiyo huendelea kuhesabiwa hata baada ya kutoka majini. Tulipokuwa tukibadilishana kasha, kompyuta iliunganisha mizamo ya miili miwili ikawa historia ya mwili mmoja, na namba zilizotokea hazikuwa zake wala zangu. Tangu siku hiyo nimeshika msimamo kwamba geji ikae na mtungi, na kompyuta ikae na mwili.

Nikahamia kwenye mkanda wa kiwandani. Mkanda mzuri hufungwa na kufunguliwa kwa haraka, nao hurekebishika kutoka mkono mtupu hadi mkono wenye suti nene. Shida yake huanza chini. Kwenye kina cha mita 20, shinikizo ni takriban mara tatu ya lile la juu ya maji, hivyo vijipovu vilivyomo ndani ya neoprini, mpira wa sponji ulioshonewa suti, hubanwa, na suti huwa nyembamba. Mkanda ulioubana vizuri ufukweni hulegea, na kioo huzunguka hadi upande wa chini wa kiganja. Ukiubana tena ukiwa kule, suti itatanuka wakati wa kupanda na vidole vitaanza kufa ganzi. Kisha upo ule msumari mwembamba wa chuma unaoshikilia mkanda kwenye kifaa. Wangu ulichomoka nilipokuwa nikipanda kwenye mtumbwi, na kompyuta ikashuka hadi kwenye mchanga. Kwa kuwa kina kilikuwa mita 6 tu, niliifuata na kuipata. Anayependa mkanda atafute ule wa kitambaa cha nailoni unaopita chini ya misumari yote miwili, ili mmoja ukichomoka, mwingine ubaki umeshikilia.

Kamba za mpira ndizo zilizonituliza. Ni nyuzi za mpira zilizovikwa nailoni ya kusukwa, unene wa milimita 5. Nilizipata soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa muuzaji wa vifaa vya kufungia mizigo. Kila kamba hupita kwenye matundu yake na kufungwa fundo lake, bila kutegemea nyingine, kwa hiyo moja ikikatwa na mwamba, ya pili hushika. Suti inaponywea, mpira hujikaza wenyewe, inapotanuka, hulegea. Pima urefu ukiwa umevaa suti, acha fundo lililokazwa mara mbili, kisha unguza ncha kwa moto ili nailoni isifumuke.

Swali la mkono upi ni zito kuliko linavyoonekana. Kompyuta hupima shinikizo la mahali ilipo yenyewe, na mrija wa kuachia hewa ya jaketi uko kushoto. Ukiivaa kushoto, kila unapoinua mrija huo kifaa hupanda zaidi ya nusu mita kwa sekunde moja au mbili, kikadhani mwili wote umeruka, kikapiga king'ora. Kilinisumbua hivyo kila niliposimama kwenye mita 5 kwa zile dakika tatu za usalama, za kusubiri naitrojeni ipungue mwilini kabla ya kutoka. Nilipoihamishia kulia, kelele ziliisha, nami naisoma huku mkono wa kushoto ukifanya kazi yake.

Vipo vifungo vingine. Kebo ya kujikunja inayobanwa kwenye jaketi ina springi inayochoka mapema, na kitumaji kinachopeleka shinikizo la mtungi hadi mkononi ni kizuri lakini ghali, na hakiniondolei haja ya geji ya kawaida.

Kwetu sisi tunaoishi nyanda za juu, kuna sababu moja inayozidi zote. Ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, Jiji la Mbeya karibu 1,700, na barabara yetu hupita juu ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Kwa mwili wenye naitrojeni, safari hiyo inafanana na kupanda ndege: shinikizo la hewa hupungua, na gesi hiyo inaweza kutoa mapovu mwilini. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, kwa wanaoruka baada ya kuzamia, saa 12 baada ya mzamo mmoja na 18 baada ya mizamo ya kurudia, ndio ninaoufuata: nikitoka majini Jumamosi saa kumi jioni, sianzi kupanda Jumapili kabla ya saa nne asubuhi. Kompyuta iliyofungwa kwenye kasha huwa imelala ndani ya begi la vifaa nyuma ya gari. Yangu iko mkononi, juu ya mkono wa sweta kwa sababu kamba hulegea kwenye ngozi tupu, na muda wa kusubiri nauona kabla sijamwambia dereva awashe gari.

Kabla ya kila safari ninazivuta kamba na kuzitazama kwenye matundu, mahali zinaposuguliwa. Nailoni ikianza kuchanika, nazibadilisha zote mbili siku hiyohiyo.