Saa za afya na bangili za tiba: ipi ya kununua Lamu, ipi ya kuiacha dukani

Saa nyingi za bei ya kawaida zina njia mbili tu za kuujua mwili wako: sensa ya mwendo, yaani kihisi cha mtikisiko, na taa ya kijani inayomulika ngozi na kufuata damu inavyojaa na kupungua. Mengine mengi yaliyoandikwa kwenye boksi ni makisio yaliyojengwa juu ya hayo mawili. Kadiri makisio yanavyozidi, ndivyo kifaa kinavyoshuka katika orodha hii.

1. Bendi ya hatua na mapigo

Bendi nyembamba ya mkononi isiyo na madoido inawatosha watu wengi, na nyingi hazifiki shilingi 10,000. Ijaribu kabla ya kulipa. Ivae, tembea ukihesabu hatua 100 mwenyewe. Ikionyesha kati ya 95 na 105, ni nzima. Hesabu mapigo shingoni kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, ulinganishe. Kisha rukaruka dakika moja hapo mlangoni. Namba ikikaa 72 na wewe unahema, mrudishie mwenye duka.

Fahamu kwamba bendi inahesabu mkono, si mguu. Hamali aliyekamata mkokoteni hupoteza hatua zake, na aliyepanda punda huweza kuandikiwa asizotembea. Umbali nao huvurugika kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, kwa kuwa GPS inataka anga wazi na zile kuta ndefu za mawe huyarusha mawimbi yake huku na huku. Kwa umbali wa kuaminika tumia njia ya ufukweni hadi Shela, kama kilomita 3.

Lile lengo la hatua 10,000 halikutoka kwa daktari. Lilianzia kwenye jina la kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Kalori ndizo mbaya zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba mwaka 2017: kwa mapigo, sita vilikosea kwa chini ya asilimia 5, lakini kwa kalori hata kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27. Ukijiongezea sahani ya pilau kwa kuiamini namba hiyo, shauri yako.

Vaa bendi upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze bila kuacha alama. Ikilegea, mwanga wa nje huingia na kuharibu kipimo. Piko likiwa limekolea hapo, hamishia mkono wa pili.

Maandishi ya "5 ATM" au "mita 50" ni shinikizo la maji yaliyotulia maabara, si ruhusa ya kupiga mbizi. Ukitoka baharini suuza kwa maji matamu na ukaushe kabla ya kuchaji. Chumvi inayobaki kwenye vipini vya chaji huvila. Upele chini ya mkanda mara nyingi ni jasho na chumvi hiyo hiyo. Ulizia pia klipu ya chaji ya akiba, kwani ya aina nyingine haitaingia.

2. Saa yenye kipimo cha umeme wa moyo

Unaigusa kwa kidole sekunde 30, nayo hutafuta mapigo yasiyo na mpangilio. Inafanya kazi, ila ni ghali, na haitambui shambulio la moyo. Kifua kikibana, nenda hospitali hata kama saa inasema uko salama.

3. Pete

Nzuri kwa usingizi. Vidole huvimba kwenye joto, basi pima saizi mchana.

4. Saa ya presha isiyo na mfuko wa hewa

Hii inakisia presha kwa mwanga. Usiitumie kuamua dawa. Pesa hiyo nunua mashine ya mkono wa juu: kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mkanda wa hewa kwenye ngozi tupu, upime mara mbili kwa kupishana dakika moja. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo, kwa hiyo pima mzunguko wa mkono kwanza. Mkanda wa kawaida huwa wa sentimita 22 hadi 32.

5. Saa ya "sukari bila kutoboa"

Usinunue. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Anayejidunga insulini kwa kufuata namba hiyo anaweza kuzimia. Kiraka cha mkononi chenye kisindano chini ya ngozi ni kitu kingine, hicho hupima kweli.

6. Bangili za sumaku, shaba na vidani vya "nishati"

Havina sensa wala betri. Waliouza bangili za Power Balance nchini Australia walikiri mwaka 2010 kwamba hawakuwa na ushahidi wa kisayansi. Desemba 2021 Uholanzi ilitaja bidhaa kumi za aina hii, vidani vikiwemo, zilizotoa mionzi halisi, ikawaambia wenye navyo wavivue na kuviweka kando. Ukiwa nacho, usimvishe mtoto.