Nimenunua mbegu za pamu mtandaoni, nimesubiri miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Jamani naandika hii kwa wale mnaopenda kuotesha wenyewe badala ya kununua mche mkubwa wa laki na ushee. Mwezi wa 2 niliagiza paketi tatu za mbegu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Dar, jina siweki. Pamu ya areca mbegu 20 kwa elfu 12, pamu ya chupa mbegu 5 kwa elfu 15, na mti wa msafiri mbegu 10 kwa elfu 10, na boda elfu 5 juu yake. Kesho yake mchana mzigo ukawa mlangoni, umefungwa vizuri, kila paketi ina picha na jina. Kwa upande wa huduma sina neno, meseji anajibu haraka na lugha yake nzuri.

Tatizo ni mbegu zenyewe. Paketi imeandikwa kila kitu isipokuwa tarehe ya kuchumwa, na kwa pamu hicho ndo kitu cha kwanza kuuliza, maana mbegu nyingi za jamii hii si kama mahindi au maharage ambayo unaweka kwenye debe unasubiri mvua, zikikauka sana kile kichanga cha ndani kinakufa na ganda la nje linabaki zuri vilevile, huwezi kujua kwa macho. Mi nilifanya kila kitu kinachotakiwa. Nililoweka siku mbili nikibadilisha maji kila siku, nikaweka kwenye vumbi la makumbi ya nazi lililokamuliwa mpaka ukilibana halidondoshi maji, ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko, juu ya kabati jikoni ambako joto lipo saa zote. Na joto ndo kila kitu kwa hizi mbegu, wenzetu wa Ulaya wananunua mpaka mikeka ya umeme ya kupasha udongo, sisi Dar tunalo la bure.

Areca kwenye joto letu ukichelewa sana ni miezi miwili umeshaona kitu. Wiki ya sita kimya, ya nane kimya, ya kumi nikaona ukungu mweupe. Nikachukua mbegu tatu nikazipasua kwa kisu. Mbegu nzima ndani inatakiwa iwe nyeupe na ngumu kama nazi iliyokomaa, hizi zilikuwa za kahawia, zimesinyaa, moja ina harufu ya uchachu kabisa. Kati ya 20 imeota moja. Nilipomtumia picha akaniambia "dada labda umezidisha maji". Hapo aliniumiza kiukweli, kwa sababu kontena hilohilo, vumbi hilohilo, mbegu za mtu mwingine zimeota.

Sasa huyo mtu mwingine. Ni mzee mmoja ana bustani ya barabarani, ile ya viriba vimepangwa pembeni ya lami. Nilienda kununua mboji, nikamwamkia, tukaanza kuongea, nikamweleza habari ya areca zangu. Akasema, "Mwanangu, mbegu ya pamu haikai kabatini. Ukiona tunda limeiva mtini, hapo hapo." Akanipeleka nyuma kwenye pamu ya Manila, hii yenye asili ya Ufilipino inayotoa matunda mekundu sana yananing'inia kama shanga, akanichumia kopo zima kwa elfu 3. Akanionyesha namna ya kusugua nyama yote itoke kwenye mchanga na maji, maana ile nyama ikibaki inaleta ukungu na inachelewesha kuota. Na akanionya nisije nikafanya hivyo mikono mitupu kwa pamu ya mkia wa samaki, utomvu wa tunda lake unawasha vibaya sana.

Zilikuwa mbegu 38. Wiki ya saba nikafungua mfuniko nikakuta ubavuni mwa mbegu moja kidoa cheupe kama kichwa cha kiberiti. Nilimwita mpaka mama aje aone! Siku chache mbele mzizi umeshuka chini na kichipukizi kimesimama, na jani la kwanza likaja limegawanyika pande mbili. Mpaka leo zimeota 29. Nimehamishia kwenye viriba, mbegu ikiwa bado imeshikana na mche, usiing'oe, mche unakula humo mwanzoni.

Nisimwonee muuzaji, mti wa msafiri umeota 4 kati ya 10. Huo kwanza sio pamu ingawa watu wanauita hivyo, ni ndugu wa mgomba kwa mbali, na mbegu zake zina kile kitambaa cha bluu kinachong'aa utadhani kimepakwa rangi. Pamu ya chupa bado nasubiri, hiyo huwa inachukua hata nusu mwaka, siwezi kumhukumu kwa hiyo.

Kitu ambacho ningependa auze ni mpapindi wa Pemba. Ni ndugu wa karibu wa areca, msituni unaota Pemba tu duniani, na wapenzi wa pamu nchi za mbali wanautunza kwenye bustani zao huku sisi hata mche kuupata ni shida. Ila zitoke kwenye miti iliyopandwa majumbani, sio mtu aende kuchuma msitu wa Ngezi, ule ni hifadhi na miti yenyewe sio mingi.

Nampa nyota mbili kati ya tano. Akianza kuandika tarehe ya kuchumwa kwenye paketi nitaagiza tena areca, na nitarudi hapa kubadilisha. Mzee wa barabarani nyota tano, Jumamosi namrudishia miche miwili aone kazi yake.