TAHADHARI: Jamaa wa "kapeti ya boti", Tudor mpaka Mtwapa

Wenzangu wenye boti za zamani, hasa za faiba zenye sakafu ya mbao: kuna jamaa anazunguka na pikapu huku pwani ya Mombasa, Tudor, Nyali hadi Mtwapa akiuza kapeti anayoiita ya boti, na anakuwekea siku hiyohiyo. Msimpe pesa. Msimu wa upepo wa kusi unaisha, kila mtu anatengeneza chombo kabla ya upepo wa kaskazi na wageni, naye analijua hilo vizuri.

Ujanja wote uko kwenye sampuli. Kipande anachokushikisha ni halali kabisa: nyuzi za polipropilini, mgongo wa mpira mwembamba, ukikichovya baharini kinakauka upesi. Jora analoleta baadaye ni kapeti ya sebuleni. Rangi ni ileile, ila mgongo ni wa nyuzi za gunia. Analileta magharibi, giza likianza kuingia, limefungwa nailoni, na anakuhimiza likatwe chapuchapu "kabla maji hayajajaa".

Mimi ni fundi, na siku hizi kazi yangu ni kubandua alichobandika yeye. Juzi nimeitwa kwenye boti ya mzee mmoja. Nimeshika pembe ya kapeti kwa vidole viwili, ikaja yote mpaka katikati, haikuhitaji kuvutwa. Gundi imegeuka uji mweupe. Kumbe ni gundi ya seremala, imemiminwa kwenye mkebe wa gundi ya baharini, ikilowa, inaachia. Pini alizopiga kingoni ni za chuma cha kawaida badala ya stenlesi, zishatoa kutu na kuchafua faiba. Chini ya hayo yote, plaiwudi imeoza kitambo. Nilisukuma bisibisi ikazama hadi mpini. Na yule muuzaji aliuona uozo huo, maana alipaka fila (dawa ya kuziba mashimo) juu yake kabla ya kufunika! Hapo ndipo aliponichoma. Kapeti mbovu ni hasara ya mfuko, lakini sakafu mbovu iliyofichwa chini ya miguu ya abiria?

(Wanaosema mbao inaozeshwa na maji ya chumvi, sivyo. Chumvi humzuia kuvu. Maji ya mvua ndiyo adui. Masika yakituama chini ya mgongo wa gunia, hesabu sakafu imekwenda.)

Ukitaka kununua kwa yeyote, chomoa uzi kwenye jora lenyewe, achana na sampuli. Utie kwenye glasi ya maji na uubonyeze utoke mapovu. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, huelea. Nailoni na poliesta huzama. Kisha geuza mgongo uchomoe uzi mwingine, uuchome kwa kiberiti: wa gunia huwaka ukabaki jivu, polipropilini huyeyuka na kunuka mshumaa. Muuzaji akikasirika kwa hilo, mwache aende zake.

Na fundi hawezi kubandika juu ya kapeti kuukuu. Lazima aing'oe, akwangue gundi yote, agonge sakafu kila mahali akisikiliza panapolia bubu, akate mbao mbovu, aache ikauke, apake epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji), ndipo aje na kapeti. Anayekuahidi kumaliza kabla ya adhuhuri anakufunikia uozo.

Kuhusu malipo, anadai nusu mbele kwa M-Pesa, na jina linalotokea siyo alilojitambulisha nalo. Ukishalalamika, ni "mteja hapatikani kwa sasa". Angalia jina kabla ya kuthibitisha malipo, na ulipe ukiwa umeshalifungua jora mchana kweupe.

Ambao mmeshawekewa, anzeni kukagua upande wa tezi (nyuma ya boti), karibu na mashine, maana hapo maji hutuama kwanza. Msifute ujumbe wa M-Pesa. Tumeni namba yake Safaricom kwa 333, kisha mkaandikishe polisi mkiwa na kipande cha kapeti na ule mkebe wa gundi. Mara ya mwisho nimesikia amevuka, yuko Likoni.