Vadstena, Uswidi: usiingie bila mwongozaji

Mara ya kwanza nilijizungusha mwenyewe kwenye makumbusho ya watawa. Nikaona kuta na vyumba vitupu, nusu saa haijaisha nikatoka. Nikawatangazia watu huko hakuna kitu. Kiangazi hiki nimerudi na wifi yangu, tukalipia ziara ya kuongozwa kwa Kiingereza, na sasa natengua kauli.

Kumbe jengo lenyewe lilikuwa kasri la kifalme, la matofali. Mwaka 1346 Mfalme Magnus Eriksson na mkewe walimpa Birgitta, mjane wa kabaila, mama wa watoto wanane, binti wa msema sheria (mjuzi mkuu wa sheria) wa jimbo la Uppland. Aliozwa ana miaka kama 13.

Kilichonikalisha kitako ni hesabu ya shirika la kitawa alilolianzisha: watawa wa kike 60, mapadre 13, mashemasi 4, mabruda 8. Nyumba nzima ilikuwa chini ya abesi, yaani mkuu wa watawa wa kike, mwanamke! Mambo ya roho aliyasimamia padre muungamishi mkuu, ila mali, mashamba na chakula vilikuwa mikononi mwa mama huyo. Wifi akadakia, "Yaani mwenye funguo za ghala ndiye mwenye nyumba." Mwongozaji akacheka, akasema hakukosea: hata huko nje, mke wa kabaila alining'iniza funguo kiunoni, kila mtu ajue nani anatawala nyumba mumewe akiwa safarini.

Akaingia kwenye urithi. Sheria ya karne ya 13, inayohusishwa na Birger Jarl, mtawala wa Uswidi wa enzi hizo, ilimpa binti nusu ya fungu la kaka yake. Sisi watu wa Tanga tukatazamana, maana mgao huo tunaujua tangu madrasa. Tofauti ni kwamba huko kabla ya hapo, sehemu kubwa ya nchi, binti mwenye kaka alikuwa hapati kitu. Na makabaila walipompeleka binti utawani, mara nyingi alikwenda na shamba, ndiyo maana nyumba ikatajirika vile.

Kanisa la jirani, la mawe ya kijivu-samawati, halina kiingilio. Tafuteni vijidirisha vya ukutani ambako watawa waliungama bila padre kuwaona uso. Wifi alichungulia kimoja mpaka nikamvuta.

Vaa soksi nzito, kuta zile zina ubaridi hata Julai. Sisi tulipanda basi kutoka Motala.