Kochi wangu, sinia la ukweni na ule mstari mwekundu

Nianze na lililo kweli, nisije nikaitwa mnafiki mbele ya safari: nimepungua kilo sita. Suruali za kazini nilizokuwa nikizifunga chini ya kitambi, sasa nazifunga kiunoni kama watu. Hilo liwekeni pembeni. Haya, sasa niacheni niseme.

Mwenye haraka asinisome hadi mwisho: msiiweke apu hii ya kuhesabu chakula na mwendo kwenye simu zenu. Au iwekeni, lakini muwe mwala peke yenu, chumbani, mlango mmeufunga.

Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya bandarini, kutwa kitako, jioni navuka feri narudi Likoni, nala, nalala. Ikafika wakati nikawa na kiu isiyokatika na usiku siishi kwenda msalani, nikaenda kupimwa. Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikaja 6.2. Daktari, mama mmoja mpole, akanieleza kwamba chini ya 5.7 mtu hana neno, na kuanzia 6.5 ni kisukari chenyewe. "Wewe ushapanda feri," akaniambia, "lakini haijang'oa. Waweza kushuka." Mimi mtu wa Likoni, ukiniambia habari ya feri nakuelewa. Nilitoka pale nimenywea.

Binti yangu Zuhura ndiye aliyenitafutia hii apu. Ati ina kochi, mtu kabisa, ambaye kila siku atanitazamia chakula changu na mwendo wangu na kunishauri.

Kochi. Kwetu kochi ni kitu cha kukalia, tena ndicho kilichonitia kitambi. Siku ya kwanza nilipomwambia mke wangu, "Kochi wangu ameniandikia," alinitazama kwa muda. "Kochi langu," akanisahihisha, "si kochi wangu. Haya, limekuandikia nini?" Mpaka leo nikishika simu usiku huuliza: kochi lasemaje?

Mwezi wa kwanza wa apu, sitasema uongo, nilipendezwa. Nilikuwa nikishuka feri upande wa mjini nadandia tuktuk hadi Mwembe Tayari. Nikaiacha, nikawa natembea. Jumamosi alasiri tukawa twaenda Mama Ngina mimi na mke wangu, twazunguka huku na huku penye upepo wa bahari, na ile mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu twaipita kama tusiojuana nayo. Na kochi alinipa jambo moja la maana sana. Hakunikataza mahamri. Aliniambia nianze na mbaazi, nile nusu sahani ya mbaazi kabla sijagusa hamri, kwa kuwa mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, na zikitangulia tumboni sukari ya unga haipandi kwa kishindo. Nilikuwa mtu wa mahamri manne kila asubuhi. Nikashuka hadi mawili bila kugombana na mtu. Laiti ningeandika wakati ule, ningeandika mashairi.

Kero ndogo zilikuwako. Saa nane mchana, mwezi wa Februari, kaskazi imelala na jua la Mombasa lachoma lami, simu yalia: "Hali ya hewa ni nzuri! Toka nje utembee dakika kumi." Nzuri kwa nani? Na ile hesabu ya hatua elfu kumi kila siku, ukifika 9,400 wanyimwa ua lako la pongezi. Nilikuja kujua kwamba hiyo elfu kumi haikutoka kwa daktari. Ilitoka Japani, mwaka 1965, kwa jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa madukani, manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Tangazo la biashara! Shirika la Afya Duniani lenyewe lasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo. Jasho? Hapa watoka jasho ukiwa wafunga kamba za viatu. Lakini hayo niliyasamehe.

Nisilolisamehe ni sinia.

Ijumaa baada ya swala sisi huenda kula ukweni, Mji wa Kale. Ndiyo ada tangu nilipooa. Wanaume twakaa mkekani watu watano: baba mkwe, mashemeji zangu watatu, na mimi. Biriani sinia moja, kachumbari, ndizi mbivu, achari ya embe. Siku hiyo nikatoa simu nikalipiga picha lile sinia kabla sijanawa, kwa kuwa kochi alisema kila kiingiacho kinywani kipigwe picha kwanza. Apu ikafikiri, ikaandika: wali na nyama, kalori 4,870. Chini yake kitufe cha kuthibitisha. Birika la kunawia lishanifikia, mkono mmoja ushalowa, baba mkwe ashasema bismillahi, wote waningoja mimi na simu yangu. Nikabonyeza.

Ndivyo nilivyokula biriani ya watu watano peke yangu.

Sijafika kivukoni, ujumbe ukaingia. "Habari za leo! Nimeona mlo wako wa mchana umefika kalori 4,870. Najua kuna siku huwa ngumu. Je, kuna jambo linalokusumbua moyoni ambalo ungependa tulizungumze?"

Mimi nilikuwa nimeshiba, nimecheka na wenzangu, nimepewa na kahawa tungu juu yake. Sikuwa na jambo moyoni hata moja. Kuanzia dakika ile nikawa nalo.

Nikamjibu kwa adabu: hilo ni sinia, tulikuwa watu watano. Akaniuliza: "Sinia ni nini?" Apu imeandika mlangoni kwamba yasema Kiswahili! Kiswahili chenyewe kama kile cha pakiti ya dawa ya mbu, lakini tuseme ni Kiswahili, na sinia hakijui. Nikamweleza. Akajibu: "Asante kwa kunifahamisha. Ningependekeza ule kwenye sahani yako mwenyewe. Ni haki yako kuiwekea familia mipaka."

Mipaka! Kwani mimi na mashemeji zangu tuna kesi ya shamba?

Asiyejua sinia adhani ni fujo. Sinia lina sheria kuliko hiyo apu. Wala mbele yako, huvuki kwenda kwa mwenzio. Nyama huchambuliwa na mkubwa, ndiye aisukumaye kwa kila mtu. Ukishiba mapema huinuki, watafuna punje mojamoja ili aliye na njaa asione haya. Sehemu yako waiona kwa macho. Ila pana nyama. Baba mkwe ananipenda, sasa kila akichambua, mapande mazuri yaja upande wangu, na siwezi kuyarudisha. Kwa hiyo hata ukigawa ile 4,870 kwa tano, ukapata 974, bado ni uongo, kwa kuwa mimi nyama nimezidishiwa, na shemeji yangu mdogo wali ala wake na wa jirani. Hesabu hiyo hata mwalimu angeweka chaki chini.

Na uchungu zaidi ni huu. Nyumbani nikipiga picha wali wa nazi, apu yaona wali mweupe mtupu. Tui zito kikombe kimoja tu ni kalori mia tano na ushei, nalo limo humo, halionekani, limenyweka. Apu yaniambia hongera. Yaani palipo na dhambi nasifiwa, pasipo na dhambi naulizwa kama nina huzuni.

Lakini mjinga ni mimi. Nimelipia ushauri, basi nikaufuata. Ijumaa iliyofuata nikaenda ukweni na sahani ndani ya mfuko, na kimizani kidogo cha kupimia unga. Nikajipakulia kutoka kwenye sinia, nikaweka sahani juu ya mizani mbele ya baba mkwe wangu, nikasoma namba.

Hakuna aliyesema kitu. Mashemeji wakatazama sinia. Baba mkwe akaendelea kuchambua nyama, akaisukuma palepale upande wangu, ikakaa pale haina mtu. Ndipo sauti ya mama mkwe ikaja kutoka nyuma ya pazia, wala hakunielekea mimi:

"Hebu muulizeni Baba Zuhura, kwani mikono ya wanangu ina nini?"

Nikajaribu kueleza. Sukari, kipimo, kochi.

"Kochi?" akauliza.

Ijumaa ya tatu nikafika nikakuta nimetengewa. Sahani ya maua ile ya kabatini, kijiko, uma, karatasi ya kufutia midomo imekunjwa pembe tatu. Kama mkaguzi wa serikali. Wenzangu wamezunguka sinia, mabega yamegusana, wacheka, na mimi nipo hatua mbili kando na uma wangu. Nilikula hivyo Ijumaa tatu. Mke wangu kwenye feri akawa asimama upande wa magari, mimi upande wa bahari.

Sasa rudini kwenye ile 4,870. Nilidhani nitaifuta. Kumbe una saa ishirini na nne za kusahihisha, zikipita mlo wafungwa, hautoki. Mimi nilikumbuka Jumapili. Kwenye mchoro wa mwezi siku zote ni vijistari vya kijani vifupi, na katikati pamesimama mstari mmoja mwekundu hadi juu, kama mnara wa simu katikati ya shamba la mchicha. Kila Jumatatu ripoti yaja: "Wastani wako umeathiriwa na siku 1 ngumu." Haikuwa ngumu! Ilikuwa Ijumaa!

Nikawaandikia wenye apu, si kochi. Nikawaambia Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na humo mtu ana haki ya kutaka habari za uongo zilizowekwa juu yake zisahihishwe, na habari za afya si za kuchezewa. Nikaiandika vizuri, kama barua za forodha nizijuazo. Wakajibu: "Asante kwa maoni yako! Maoni kama haya hutusaidia kukua."

Sikuwapa maoni, niliwapa sheria. Na kukua, mimi ndiye niliyekuwa nikikua, ndiyo sababu nikaja kwao.

Hapo nikaweka nyota moja. Ningeweka sufuri, haipo.

Halafu nikarudi kwa daktari. Kipimo cha miezi mitatu kikaja 5.8. Yule mama akatabasamu, akasema mguu mmoja ushagusa nchi kavu, nisirudi nyuma. Nikaona haya. Mke wangu asema si kochi, ni ile sahani ya mamake, maana mtu akila kwa uma mbele ya watu wanaokula kwa mkono hawezi kula kingi. Labda. Lakini sahani nani aliyeileta? Nikabadilisha, nikaweka nyota tatu. Wiki hiyohiyo ada ya mwezi ikakatwa bila kuniuliza, na juu yake ujumbe: "Uko tayari kwa mwezi usio na siku ngumu?" Nikashusha hadi mbili.

Ukweni nimerudi kwenye sinia. Mizani nimempa Zuhura, apimia keki. Simu naiacha kwenye viatu. Mama mkwe hajasema kitu, ila Ijumaa ya kwanza niliporudi mkekani ilikuja achari ya ndimu, ile niipendayo, nayo haikuwa ya msimu.

Juzi baada ya kula, baba mkwe akanivuta barazani. Kahawa ikaja na kisahani cha halwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanisogelea.

"Hilo kochi lako," akanong'ona, "lajua kuhesabu halwa?"

Nikamuuliza kwani vipi, baba. Akanikunjulia karatasi ya maabara, imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa kanzu. Mama mkwe hajui.

Nimemwekea apu kwenye simu yake. Nimemwonyesha jinsi ya kupiga picha, kipande kimoja, kikiwa kwenye kisahani peke yake. Na nimemwapisha asilipige sinia. Nyota ni mbili bado. Wakiufuta ule mstari mwekundu, nitatazama.