Kisu cha Kauri: Makali Yanayodumu, Bapa Lisilostahimili Kishindo
Kisu hiki chenye bapa la kauri ya zirkonia (oksidi ya metali iitwayo zirkoni) hukata nyanya na vitunguu kwa wepesi wa kupendeza, na makali yake hudumu kuliko ya chuma, kwa kuwa zirkonia hufikia takriban 8.5 katika kipimo cha ugumu dhidi ya mikwaruzo alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho almasi imepewa 10. Hata hivyo, kitu kinachostahimili mikwaruzo si lazima kistahimili kishindo: chuma kikielemewa hupinda kidogo, ilhali kauri humeguka ghafla, hivyo nasisitiza kwamba kisu hiki kisitumiwe kamwe kukatia mifupa wala nyama iliyoganda. Hakishiki kutu. Kukinoa, hata hivyo, kunahitaji kinoo cha almasi, kwani jiwe la kawaida halikifai.